Breka ya 40 na jiko la kilowati 19: jibu kwa dada wa Mkunazini

Swali la dada mwenye duka Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mjomba. Nimekodi duka la chini Mkunazini, mlango mmoja na chumba cha nyuma. Zamani zikiuzwa khanga humo, umeme wake ulikuwa wa taa na feni tu. Nyumba ni ya kale, umeme wa njia moja (laini moja tu), mita ya Tukuza (ya kulipia kabla), meni swichi imeandikwa C40, yaani ampea 40. Mwenye nyumba anakaa juu na ana mita yake mbali. Nimenunua vyombo vya mtumba: oveni ya ghorofa mbili kilowati 6, fraya mbili za kilowati 3 kila moja, birika kubwa la chai kilowati 2.5, maikrowevu, mashine ya kukandia unga, blenda, friza na friji ya kioo. Nataka kuuza boflo, keki, chipsi, bajia, urojo na juisi. Nikiwasha oveni na fraya zote mbili, kama dakika ishirini hivi umeme unakata. Nikirudisha, unakata upesi zaidi. Na asubuhi nyengine, khasa siku za mvua, nikiwasha oveni peke yake unakata papo hapo. Fundi mmoja kaniambia tutoe hiyo ya 40 tutie ya 63, kazi ya dakika kumi. Nifanye? Ikiwa haiwezekani, niuze chombo gani? Na hizi betri za inveta zitanisaidia?"

Marahaba mwanangu. Jibu la swali la kwanza ni hapana, na nakuomba ulishike hilo kabla ya kusoma mengine: breka (hiyo meni swichi) ya ampea 63 isiingie kwenye nyumba hiyo mpaka waya uliomo ukutani ujulikane na ubadilishwe.

Breka haikuwekwa kwa ajili ya oveni yako, imewekwa kulinda waya. Katika nyumba kama hiyo, waya unaotoka kwenye mita kuja dukani mara nyingi ni wa milimita 6 za mraba. Waya wa shaba wa 6 uliopitishwa ndani ya paipu hubeba ampea 41 hewa ikiwa nyuzijoto 30. Hewa ikifika 40, na ndani ya jiko lako itafika, uwezo wake unashuka hadi 35 au 36. Kwa maana hiyo hata hiyo 40 uliyonayo inataka uipumzishe. Sasa fikiria 63. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa umeme unaopita, kwa hiyo waya uliozoea 40 ukiupitishia 63 utazalisha joto karibu mara mbili na nusu. Breka itakaa kimya, nawe utafurahi kwamba tatizo limekwisha, huku waya unaiva ndani ya ukuta pole pole.

Niliwahi kuitwa kwenye duka moja la chakula ambako walifanya hivyo hivyo. Mwenyewe alilalamika harufu ya samaki aliyeoza, kamwaga friza zima, kasugua sakafu kwa sabuni, harufu ipo. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata moto mwingi hutoa harufu kama hiyo, ya shombo. Nilipofungua boksi, ganda la waya lilikuwa limekauka. Nililigusa kwa bisibisi likamomonyoka kama ganda la njugu, shaba ikabaki wazi. Na juu ya boksi palikuwa na dari ya boriti za mikoko, kavu kama kuni. Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake gari la zimamoto halipiti. Kwa hiyo sikwambii haya kukutisha. Nakwambia kwa sababu juu ya kichwa chako kuna familia imelala.

Tuje kwenye maradhi, maana uliyoyaeleza ni mawili na watu huyachanganya.

La kwanza, la dakika ishirini, ni mzigo. Ndani ya breka mna kibati cha madini mawili yaliyounganishwa pamoja. Kikipata joto kinapinda, na kikipinda vya kutosha kinaachia kitasa. Ndiyo maana breka ya 40 haikati pale tu unapofika 41. Zilivyotengenezwa, ya 40 huvumilia ampea 45 kwa saa nzima, na ikifika 58 lazima ikate kabla saa haijatimia. Wewe ukiwasha oveni na fraya mbili, na friza, friji na taa ziko kazini, unafika kilowati 12.9. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 56. Hapo ndipo dakika zako ishirini zinapotoka. Na ukirudisha inakata upesi kwa sababu kibati hakijapoa. Breka hiyo ni nzima kabisa, na imekuonya kwa adabu.

La pili, la asubuhi ya mvua, ni uvujaji. Tazama vizuri kwenye boksi siku hiyo: nadhani kinachoanguka si ile C40, ni swichi pana iliyo pembeni yake yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda kwa laini na unaorudi kwa nyutro. Ikiona umepungua kiasi cha miliampea 30, inajua umepata njia nyengine ya kupotea, pengine kupitia mwili wa mtu, na inakata ndani ya theluthi moja ya sekunde. Koili ya oveni ni waya uliozungukwa na unga mweupe wa magnesia ndani ya bomba la chuma, na unga huo hunywa unyevu. Oveni ya mtumba iliyokaa kwenye kontena na stoo miezi, halafu ikaletwa kwenye hewa yetu ya chumvi, nyumba ya mawe na chokaa ambayo wakati wa masika ukuta wenyewe unatoa jasho, lazima koili zake ziwe zimelewa maji.

Dawa yake ni kumwita fundi mwenye mega, yaani kipimo cha uvujaji, apime kila koili kwa volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, koili hiyo itolewe ikaushwe kwenye joto la pole kwa saa kadhaa, au ibadilishwe. Baada ya hapo iwashe oveni kila siku, hata siku ambayo huuzi mkate, ili isipate nafasi ya kunywa tena. Atakayekwambia "tutoe waya wa ardhi, itaacha kukata", mwambie ahsante na umfungulie mlango. Ukitoa waya wa ardhi, umeme unaovuja unabaki kwenye bati la oveni ukimsubiri wa kwanza atakayeshika mkono huku amekanyaga sakafu iliyomwagika maji. Na hicho kitufe cha T kibonyeze mara moja kwa mwezi. Ikiwa hakiangushi swichi, swichi imekufa.

Sasa hesabu. Oveni 6, fraya mbili 6, birika 2.5, mashine ya unga tuseme 1.1, blenda 1, friza na friji kwa pamoja 0.7, taa na feni 0.2. Maikrowevu itakuwa kama 1.4; zile wati 800 zinazoandikwa mbele ni nguvu inayoingia kwenye chakula, ukutani maikrowevu inavuta zaidi. Jumla kilowati 18.9, ampea 82. Ulichonacho ni 40, na kwa kazi ya saa nyingi mfululizo mimi sipendi kupita 32, yaani kilowati 7 na kitu.

Ukiitazama hesabu hiyo moyo utakuanguka, lakini igawe mafungu mawili uone. Vitu ambavyo haviwezi kuwa vya chengine ila umeme, yaani friza, friji, mashine ya unga, blenda, taa na feni, vyote vikiwaka pamoja ni kilowati 3, ampea 13. Zilizobaki, 15.9, ni joto tupu. Na joto linapatikana penginepo. Hili ndilo ninalolishikilia tangu nianze kazi hii: umeme ukiwa mdogo, upe kazi ambazo hakuna mwengine wa kuzifanya, na joto kubwa kaombe kwa gesi.

Anza na mafuta ya moto. Bajia na kachori hazihitaji fraya. Karai pana kwenye jiko la gesi inazipika vizuri zaidi, maana moto unaupandisha pale pale unapotia mzigo mbichi. Urojo wenyewe ni sufuria moja, moto mdogo. Chai na maji ya moto vivyo hivyo. Maji lita 10 kuyatoa nyuzi 28 hadi yachemke yanahitaji karibu uniti 0.84. Kwa birika lako hiyo ni dakika ishirini za ampea 11, na kwa gesi ni moto ambao meni swichi haiujui. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto la karibu kilowati-saa 13, yaani uniti 13, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 una zaidi ya 190 ndani yake. Tuseme nusu nzima inapotea pembeni ya karai. Bado una joto la fraya moja ya kilowati 3 kwa saa thelathini na zaidi.

Kuna sababu nyengine, na wenye umri wangu hawataki kukumbushwa. Waya wa kwanza wa baharini wa kutuletea umeme, kutoka Ras Kiromoni huko bara kuja Fumba hapa Unguja, ulikuwa wa megawati 45 na uliwekwa 1980. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu. Niliwaona watu waliofunga maduka kwa sababu kila kitu jikoni kilikuwa cha waya, na niliwaona wenye karai na mkaa wakiuza kwa taa ya chemli. Waya mpya wa megawati 100 uliopokelewa 2013 umebadilisha hali sana, lakini siku umeme ukikatika saa kumi jioni na watu wamejaa mlangoni, karai la gesi litakutunza.

Gesi nayo ina adabu zake, na kwa nyumba yako nataka uwe mkali. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja haipandi juu, inashuka na kutulia sakafuni kama maji, hasa chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Mtungi ukae nje au mahali penye hewa, umesimama, umefungwa usianguke, na mpira wake usipite nyuma ya oveni. Pawe na tundu la hewa chini ya mlango na jengine juu. Viungo vipakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Povu likichemka, funga. Weka feni ya kutoa moshi, inakula wati 100 tu. Na kabla ya kutoboa ukuta wowote nenda ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, ujue linaloruhusiwa, kisha mwambie mwenye nyumba kwa maandishi. Ikiwa chumba hicho hakiwezi kupata hewa kabisa, basi gesi isiingie, na utafute mlango mwengine wa biashara ya kukaanga. Sina njia ya katikati hapo.

Tuseme gesi imekubalika. Umebaki na oveni, na oveni ndiyo moyo wa duka lako, kwa hiyo tuipangie siku.

Alfajiri kanda unga kwanza, oveni ikiwa imezimwa. Mashine 1.1, friji na taa 0.9, hujafika ampea 9. Unga unaumuka. Wakati unaumuka mashine imelala, hapo ndipo unawasha oveni. Umeona? Unga wenyewe umekupangia zamu, mashine na oveni hazina haja ya kukutana. Na oveni usiiwashe yote kwa pamoja: ghorofa ya chini kwanza, kilowati 3, baada ya dakika 25 ya juu. Ghorofa ikishaiva, themostati inaanza kukata na kurudisha, kwa hiyo inapowaka ya pili ile ya kwanza inavuta kwa vipindi tu. Zikikutana zote mbili kwa ukamilifu, pamoja na friji na taa, ni kilowati 6.9, ampea 30. Waya wako unaweza. Boflo zitoke kabla watoto hawajakwenda skuli, keki zifuate joto lile lile linaposhuka, na saa nne oveni izimwe. Kuanzia hapo mpaka laasiri umeme wote ni wa blenda, maikrowevu, friji na fraya moja ya chipsi, na utaona nafasi inatosha.

Lakini kumbukumbu ya mtu si kinga. Siku moja msichana wako wa kazi atawasha kitu kingine na oveni imewaka, duka limejaa, meni swichi inaanguka. Kwa hiyo mwambie fundi aweke swichi ya kupokezana yenye nafasi tatu, ya ampea 32: moja ni ghorofa ya juu ya oveni, sifuri katikati, mbili ni fraya moja. Kila kimoja ni kilowati 3, hivyo mzigo haubadiliki. Ukigeuza huku, kule kumezimika, hakuna namna ya kuwasha vyote. Ni swichi ya kawaida, ile ile watu wanayotumia kuchagua jenereta au umeme wa Shirika, na imeokoa jikoni nyingi kuliko maelezo yangu yote.

Sasa nyaya zenyewe. Oveni ipate laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa 6, breka ya 32, na iunganishwe kwenye swichi ya ukutani, sio kwenye plagi. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ina fyuzi ya 13, na 13 mara 230 haifiki hata kilowati 3, kwa hiyo fraya yako nayo iko ukingoni. Ikikaa kwenye soketi saa nne kwa siku, mwezi wa pili soketi itakuwa na rangi ya kahawa. Ipe waya wa 4 na swichi ya 20. Friza na friji zipate breka yao ndogo mbali na jiko, ili jiko likikata usiku samaki na maziwa visalimike. Ekstensheni jikoni sitaki kuisikia, na iliyoviringishwa ndiyo mbaya kuliko zote, maana joto halina pa kutokea. Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya paipu za plastiki, msichimbe. Chokaa ina chumvi, na chumvi inakula kila kiungo cha shaba.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, soma kibati cha maandishi kilicho nyuma ya oveni. Nakusisitizia kwa sababu mtumba unatoka kila pembe ya dunia. Ikiandikwa 230 na 400 3N pamoja, ni oveni inayokubali njia tatu au moja. Fundi anahamisha vipande vya shaba kwenye kizuizi cha nyaya, kazi imekwisha. Ikiandikwa 400 peke yake bila N, yaani bila nyutro, koili zake zinataka volti 400, na kwenye 230 zitatoa theluthi tu ya joto: mkate utakauka kabla haujaiva, nawe utalaumu unga. Vyombo vingi vya Japani ni vya volti 100 na vingi vya Marekani ni 120 au 208. Hivyo usivinunue hata ukipewa nusu bei.

Kuna jambo la magharibi nalo. Pima volti kwenye soketi yako saa tano asubuhi, pima tena saa kumi na mbili jioni, na ikiwezekana pima jioni ya Ramadhani, mji mzima unapopika futari kwa wakati mmoja. Ikishuka hadi 205, koili ya kilowati 3 haitoi tena 3, inatoa 2.4, kwa sababu nguvu nayo inakwenda kwa mraba wa volti. Mafuta yaliyokuwa nyuzi 175 yakitiwa viazi yanapoa na hayarudi upesi, chipsi zinakunywa mafuta, mteja anasema mkono wako umeharibika. Mota ni kinyume chake: volti zikishuka kompresa ya friza inavuta umeme zaidi, inapata moto na mwisho inaungua. Nunua kinga ya friji inayokata volti zikiwa chini na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, kompresa ni nusu ya friza.

Betri ya inveta itakusaidia ukiitumia kwa kazi yake. Betri ya volti 48 na ampea-saa 100 imebeba uniti 5 hivi. Oveni yako itazimaliza kabla ya saa moja. Ukizipa friza, friji na taa, ambazo kwa wastani hazivuti hata wati 300 kwa sababu kompresa hupumzika, zitafika asubuhi. Kwa hiyo ni kitu cha mwaka wa pili, biashara ikisimama. Jenereta kwenye kichochoro cha Mkunazini siikubali: moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila harufu ya kukuonya, na majirani wako hawana pa kuukimbia.

Ama umeme wa njia tatu, yaani laini tatu badala ya moja, hiyo ndiyo kubwa, na ipo siku utaihitaji. Ukitaka fraya mbili, oveni na birika vyote vya umeme kwa wakati mmoja, hakuna ujanja: nenda ofisi ya ZECO, yaani Shirika la Umeme, na orodha ya vyombo vyako na kilowati zake, waombe watazame kama laini ya njia tatu inafika mtaani kwako na kama inaweza kubeba. Ikikubaliwa, waya mzima kutoka kwenye mita unabadilishwa na mzigo unagawanywa sawasawa kwenye njia zote tatu, oveni huku, fraya kule. Msimamie fundi kwenye nyutro. Nyutro ya njia tatu ikilegea, volti zinaweza kupanda kuelekea 400 upande wenye mzigo mdogo, na upande wenye mzigo mdogo kwa kawaida ndio wenye friji yako na televisheni ya mtu. Nimeona vyombo vya nyumba nzima vikiungua kwa skrubu moja ambayo haikukazwa.

Lakini usiweke fedha hizo kwenye ukuta wa mtu kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kaa na mwenye nyumba kwanza, muandikiane: nani analipa, ukihama waya na boksi vinabaki kwa nani, kodi itakatwa kiasi gani. Watu wazuri wamekosana kwa jambo hili, na wote wawili walikuwa na haki.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Mwite fundi mwenye leseni na ile mita yenye mdomo kama gando la kaa, unaofunguka ukaukumbatia waya bila kuukata. Akumbatie laini kuu huku wewe unawasha chombo kimoja kimoja, na mtoto aandike namba kwenye karatasi. Vibati vya maandishi hudanganya, khasa vya mtumba. Koili moja ikiwa imeshakufa, fraya ya kilowati 3 itasoma ampea 6 na nusu na hukuwa na habari. Kisha afungue boksi akuoneshe waya kwa macho yako, unene wake, rangi ya ganda lake, na kama waya wa ardhi umefika kweli ardhini au umeishia hewani. Karatasi hiyo ibandike kwenye mlango wa boksi, kila fundi atakayekuja aikute.

Na la kuuza: uza birika kubwa na fraya moja, ile ambayo mita itaonesha koili yake imechoka. Fedha zake nunua jiko la gesi la matundu mawili, karai na mpira mpya. Fraya nyengine bakisha kwenye swichi ya kupokezana, kwa chipsi za mchana oveni inapolala. Maikrowevu nayo iangalie kwa mwezi mmoja; ikiwa kazi yake ni kupasha sambusa tu, ghorofa ya chini ya oveni iliyozimwa saa nne bado ina moto wa kuzipasha mpaka adhuhuri.